Sijakuomba Mchungaji

Watu walimwita Makochi kwa sababu ya kazi yake ya kuunda viti vya sebuleni. Alianza na nyundo, msumeno na kibanda cha mabati nyuma ya chumba alichopanga na dada yake mkubwa. Wazazi walifariki mapema, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea, akamfundisha kusali kabla hajamfundisha kufunga kamba za viatu. Siku ambazo sufuria haikupanda jikoni, walipiga magoti sakafuni wakaomba mpaka njaa ikaona haya.

Mambo yakanyooka. Kibanda kikawa karakana, karakana ikazaa duka la samani lenye madirisha ya vioo. Kanisani Makochi akatengewa kiti mstari wa mbele. Sala ya chakula akamwachia mtoto wake mdogo, ya asubuhi akaiachia redio ya gari. Hakumkana Mungu hata siku moja. Alishiba tu.

Dada alipougua ini, Makochi alilipa kila kitu: chumba cha peke yake, televisheni ukutani, daktari bingwa. Alipita kumwona kila alipopata upenyo, simu sikioni.

Alasiri moja dada akamwambia, "Mdogo wangu, zima hiyo simu. Niombee."

"Nitampigia mchungaji aje, dada."

"Sijakuomba mchungaji. Jana alikuja na chupa yake ya mafuta ya upako, akaniuliza duka lako jipya linafunguliwa lini."

Makochi akakohoa, akafumba macho. "Baba, tunakushukuru kwa siku hii njema. Tunakushukuru kwa wageni wote waalikwa..." Alipofumbua macho, mkewe, aliyeketi upande wa pili wa kitanda, alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu.

Dada hakucheka. "Unaongea na nani?" akauliza. Kisha akamshika mkono, akaomba mwenyewe, pumzi ikimkatika: "Bwana, mtoto huyu alikuwa wako. Usimwache."

Makochi alitoka akiapa kwamba kesho angerudi na sala ya kweli. Kesho yake wakaja wenye hoteli, wanataka viti vya ukumbi mzima. Mkewe akapiga simu kutoka hospitali. "Wifi anakuulizia."

"Nikimalizana na hawa tu, nakuja."

Alimalizana nao vizuri. Walipokuwa wakikalia viti vya mfano, wakisifu ulaini wake, dada akakata roho.

Kwenye mazishi, mchungaji alilisifu jeneza, akasema hajapata kuona mtu aliyemtunza ndugu yake namna ile. Makochi akasimama.

"Kulipa nililipa," akasema. "Aliniomba sala moja, sikuwa nayo."

Watu wakatazama chini. Mchungaji akaanzisha wimbo upesi, kwaya ikadaka. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akampigapiga begani: "Pole, bwana. Uchungu humsemesha mtu hovyo."

Kile kiti cha mbele hakukikalia tena. Akaanza kusali peke yake karakanani, kabla mafundi hawajafika. Wiki za mwanzo alipiga magoti kwenye vumbi la mbao akaambulia kukohoa. Maneno yalirudi kwa shida, moja moja.

Ndipo akaenda hospitali ileile, lakini safari hii kwenye wodi ya wote, kuwauliza wagonjwa kama wangependa kuombewa. Wengi walimkatalia. Bwana mmoja aliyevunjika nyonga akamtazama viatu, akamtazama saa.

"Wewe huna ndugu wa kuwaombea?"

"Nilikuwa naye," Makochi akasema.

Yule bwana akamwonyesha kiti. Makochi akaketi, akaomba, akikwama kila baada ya maneno mawili matatu, na mgonjwa akamngojea.