Kiti cha Mlangoni

Wivu, jamani, hauna dawa, na ukimwingia mtu juu ya ndugu yake wa tumbo moja ndiyo balaa kabisa. Muulize Bisibisi. Alikuwa fundi wa mashine za gemu, mwenye kibanda chake kando ya barabara: meza moja, taa ya kuinamia na vipuri vimepangwa hadi darini. Mashine ikifa, mtaa mzima ulimpelekea yeye. Jina la Bisibisi alipewa na wateja, akalipenda, na kwa muda mrefu hakutaka sifa nyingine.

Kisha mdogo wake akawa maarufu.

Huyu mdogo wake alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, dada mpole, mtu wa kusema neno moja pale wenzake wanaposema kumi. Wote wawili waliipenda mashine moja ya zamani waliyochezea utotoni, ambayo kampuni ilishaacha kuitengeneza. Waliobaki nazo walizileta kibandani zikikata roho, na vipuri havikuwepo tena. Ndipo dada akapata wazo: aandike programu ya kuifanya kompyuta yoyote ijifanye mashine ile, ili gemu za zamani zichezeke hata siku mashine ya mwisho itakapozimika.

Tatizo lilikuwa sheria. Ndani ya mashine kulikuwa na chipu yenye maandishi ya programu ya kampuni, na hayo ni mali yao, ukiyanakili, umeiba. Lakini kutengeneza kitu chako kinachofanya kazi ileile, bila kuona chao, hakuna wa kukukataza. Basi wakagawana: kaka aone, dada asione. Bisibisi alikaa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yao, akaifungua mashine, akasoma kilichomo, kisha akaeleza kwa mdomo mashine inafanya nini: ukibonyeza hiki inajibu hivi, ukizima kile inangoja hivi. Dada alikaa chumba cha mbele akaandika maneno yake mwenyewe. Na katikati, mlangoni, waliweka kiti, akaketi mama.

Mama hakujua kompyuta hata ya kuwasha. Alikuwa mshonaji, na kazi yake hapo mlangoni ilikuwa moja tu: kisipite kitu ila sauti. Si karatasi, si picha, si simu. Aliketi akishona pindo za nguo za wateja wake huku macho yakiwa pande zote mbili. Bisibisi akitaka maji ya kunywa alitokea mlango wa uani akaizunguka nyumba, hata mvua ikinyesha. Walipomtania kwamba analinda asichokielewa, mama alisema askari wa benki naye hajui hesabu, lakini mwizi hapiti.

Kazi ilikamilika, programu ikatoka, watu wakaipokea kwa mikono miwili. Dada akahojiwa huku, akapigwa picha kule. Kila alipohojiwa alimtaja kaka yake, hilo lazima lisemwe, ila waandishi wa habari walilikata jina lake, maana hadithi ya shujaa mmoja huuzika zaidi. Wateja wakaanza kuja kibandani wakiuliza, "Wewe ndiye kaka yake?" Kaka yake! Yeye aliyemfundisha kushika waya, leo anajulikana kwa mgongo wa mdogo wake. Bisibisi alicheka nao, wakishaondoka uso ukamvimba. Alimpenda dada yake, tena sana, lakini kila sifa aliyopewa dada aliiona kama imechotwa mfukoni mwake.

Baada ya hapo kampuni ikashtaki. Watu wengi walikuwa wakiitumia programu kuchezea kopi za wizi, na kampuni ikadai kwamba hata programu yenyewe imezaliwa na wizi. Ikishinda, programu itafutwa, na dada atapigwa marufuku kuandika nyingine ya namna hiyo maisha yake yote. Wakili wao, mwanamke wa sauti nzito, hakubabaika. Alisema kopi za wizi zina wenyewe waliozikopi; mhunzi hashtakiwi kwa kisu alichouza. Wanachotakiwa kuonyesha ni kimoja, kwamba dada hakuyaona maandishi ya kampuni kwa macho yake. Shahidi wa hilo ni Bisibisi.

Siku ya kesi dada alivaa gauni jipya aliloshonewa na mama. Bisibisi alipigiwa pasi shati lake la zamani. Aliliona hilo, akalimeza.

Wakili wa kampuni hakumfokea. Alimwita fundi mkuu. Alisema amesikia kwamba mikono yake haina mfano, kwamba mashine ile hakuna anayeijua kumpita yeye, na kwamba anashangaa magazeti hayajawahi kuandika habari zake. Alimvika kilemba cha ukoka, na Bisibisi akainamisha kichwa kivikwe vizuri. Ndipo akaulizwa kama dada yake angeweza kuandika programu ile bila yeye. Akajibu asingeweza. Akaulizwa ina maana alimsaidia kiasi gani.

"Kila kilichomo nilimwonyesha mimi," akasema Bisibisi. "Nilimkalisha mezani kwangu, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Yeye aliandika tu."

Uongo mtupu! Dada hakuwahi kuifikia meza ile. Lakini ulimi hauna mfupa, na huu ulikuwa umefungwa muda mrefu.

Wakili wa dada akasimama. Alimwangalia Bisibisi kama unavyomwangalia mtoto aliyepanda juu ya paa, akazungumza taratibu ili asimwangushe.

"Fundi, unaposema ulimwonyesha, ulimaanisha ulimweleza kwa mdomo, sivyo?"

Mlango ndio huo, umefunguliwa wazi. Ilibaki aseme ndiyo, basi. Bisibisi akageuza macho, akawaona waandishi wa habari safu ya nyuma. Walikuwa wanaandika. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanaandika habari zake.

"Nilimaanisha kumwonyesha," akasema.

Mapumziko yalipofika, wakili alitaka kumwita mama aeleze habari za kiti cha mlangoni. Mama alikuwa tayari ameshika mkoba wake. Ni dada aliyekataa. Bisibisi alikuwa hatua chache nyuma yao kwenye ujia wa mahakama, akasikia.

"Mama hatasimama pale kumwita mwanawe mwongo," dada alisema. "Mama atakuwa ameapa, na kaka naye alikuwa ameapa. Watamfunga kaka kwa uongo. Acha ipotee."

Wakili akambembeleza, akamkumbusha marufuku ya maisha, dada akatikisa kichwa. Na hapo, badala ya kuona aibu, Bisibisi alihisi kijicho kilekile kikimpanda. Hata katika kupoteza, huyu mtoto amemzidi.

Kesi ilipotea. Programu ikafutwa, dada akapigwa marufuku. Katika hukumu jaji alisoma jina la dada, kisha la Bisibisi, jina lake kamili la kuzaliwa, akamwita mwenzake sawa katika kazi ile. Kesho yake magazeti yaliyaandika majina yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja. Bisibisi alinunua gazeti, akalikunja, akaenda nalo kwa mama. Hata yeye hakujua alitaka kusifiwa au kupigwa.

Dada alikuwa amekwishakuja kuchukua vyombo vyake, chumba cha mbele kikabaki na alama za miguu ya meza sakafuni. Mama alikuwa mahali pake, kwenye kiti kilekile mlangoni, anashona pindo la suruali ya mtu. Hakuna aliyemwambia kwamba ulinzi umekwisha. Bisibisi alimwamkia, akaitikia. Akataka kupita kwenda chumba cha nyuma, mama hakusogeza miguu.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "siku hiyo uliyomkalisha mezani kwako ukamwonyesha, mimi nilikuwa nimeketi wapi?"

Bisibisi alisimama na gazeti lake mkononi. Mama alingoja jibu mpaka uzi ukaisha, akakata mwingine, akatunga sindano, akaendelea kungoja. Mwishowe Bisibisi akageuka, akatoka nje, akaizunguka nyumba hadi mlango wa uani, kama siku zile.