Orodha ya Mtunza Stoo

Mama Pacha aliivunja prosesa ile Jumanne asubuhi, saa nne kasoro, na hakuwa na wa kumsingizia.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya nukta nundu, nyuma ya shule ya wanafunzi wasioona. Kiwanda ni neno la kujipamba. Vilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Chumba kimoja kilikuwa na mashine ya kuchapa, kubwa kama kabati la nguo, ambayo ikianza kazi hata mtu wa nje hupaza sauti bila kujijua. Mashine hiyo iliongozwa na kompyuta ya mezani yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka ya chai. Ofisini zilikuwepo kompyuta mpya tatu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi ya kuchomeka ile kadi ndefu inayozungumza na mashine, na waliotengeneza kadi walishafunga duka zamani. Kwa hiyo kompyuta kuukuu ilibebwa kama yai.

Siku hiyo feni yake ilikuwa inakoroma. Mama Pacha alizima umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akaanza kuondoa lile bati lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kupunguza joto. Lilikuwa limegoma. Ile dawa nyeupe inayopakwa katikati ilikuwa imekauka ikawa gundi. Akavuta kidogo, akavuta tena, halafu likaja lote kwa mkupuo, prosesa imeng'ang'ania chini yake, ilhali mkono wa soketi, ule unaoibana prosesa kwenye bodi, haujafunguliwa. Ilisikika sauti ndogo tu, kama ya mtu anayevunja njiti ya meno.

Akaligeuza bati, akaangalia chini yake.

"Mama Pacha, mbona umenyamaza hivyo?" Sauti ilitoka upande wa pili wa mbao. Ilikuwa ya Mhariri, mwanamume aliyepoteza macho akiwa na miaka tisa, ambaye kwa miaka kumi na saba alikuwa akisoma kwa vidole kila ukurasa kabla haujatoka kiwandani.

"Nimeiharibu, kaka."

"Umeharibu nini?"

"Prosesa. Nimeing'oa kwa nguvu. Pini zimebaki ndani."

Mhariri akaja, akanyoosha kiganja. "Nipe." Akaipapasa chini taratibu, safu kwa safu, kama asomavyo. "Hapa pana pengo moja," akasema. "Na huku mawili, yamefuatana. Mengine yote yamesimama." Akairudisha kwa upole, akaongeza, "Pole, dada. Twende tukamwambie Mkuu pamoja. Usiende peke yako."

Mwalimu Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mwenye maneno machache. Alisikiliza akiwa amesimama. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki sita. Kitabu kipya cha biolojia kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi, na mashine ilikuwa imefika ukurasa wa themanini na nne. Wanafunzi ishirini na watatu walikuwa wanakisubiri.

"Inatengenezeka?" akauliza.

"Nikipata nyingine kama hii, ndiyo."

"Basi tafuta nyingine kama hii."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma Mama Pacha zaidi. Angekaripiwa, angalau angejitetea.

Mgongoni mwa prosesa kulikuwa na maandishi madogo: 866, halafu 256, halafu 133, halafu 1.7V. Alijua maana yake vizuri. Kasi yake ni megahezi 866, akiba yake ya ndani ni kilobaiti 256, njia yake ya mawasiliano na bodi ni megahezi 133, na umeme wake ni volti moja nukta saba. Akayanakili kwenye karatasi, akaenda kwa muuza kompyuta za mitumba.

Muuzaji alitoa kopo la biskuti lililojaa prosesa, akazimwaga mezani kama mtu anayechambua maharage. Wakatafuta wote wawili mpaka macho yakachoka. Ya 866 haikuwepo. Ilikuwepo ya 1133, akiba ileile, njia ileile, na walipozihesabu pini zikawa zilezile mia tatu na sabini.

"Chukua hii, mama," muuzaji akasema. "Ina kasi kuliko yako. Utakuja kunishukuru."

Mama Pacha alirudi nayo mbiombio. Pini zilizokwama zilikuwa zimeshatoka, alipofungua mkono wa soketi na kuigeuza bodi juu chini. Prosesa ya 1133 ikaingia bila shida yoyote. Akawasha. Feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Akaitoa, akaisafisha, akairudisha, cheusi. Kesho yake muuzaji akampa nyingine ya aina hiyohiyo. Cheusi vilevile. Akaanza kuamini kwamba siku ile hakuvunja prosesa tu, bali aliua na bodi kubwa. Nyumbani watoto wake pacha walimuuliza kama anaumwa. Akawaambia ni kichwa tu.

Ijumaa mchana, akiwa amekata tamaa nusu, alikuwa anatafuta mtandaoni ile namba ndogo iliyochapwa kwenye mstari wa mwisho wa prosesa, namba ambayo watu wengi hata hawaitazami. Likatokea jibu moja tu. Ulikuwa ukurasa mweupe usio na picha wala tangazo. Kichwa chake kilisema: *Prosesa za zamani, za mezani na za seva.* Chini yake zilishuka safu mia kadhaa. Kila prosesa ilikuwa na mstari wake: namba, kasi, akiba, njia, volti, joto inalostahimili, soketi inayokaa. Mwisho wa kila mstari palikuwa na nafasi ndogo iliyoitwa *Maneno*.

Akatafuta 1133. Kwenye Maneno paliandikwa: "Ina pini 370 kama ndugu zake wakubwa, na inaingia kwenye soketi yao bila kelele. Lakini haiwaki kwenye bodi za zamani, kwa sababu inataka volti 1.475 na pini zake kadhaa zimebadilishiwa kazi. Usidanganywe na umbo. Bodi yako huenda ni nzima."

Mama Pacha alisoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Akaegemea kiti, akajikuta anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na anwani ya barua pepe na maneno haya: "Ukiona kosa, niandikie. Mtunza Stoo." Akaandika palepale. Hakutaja kosa lolote. Alieleza kazi yao, kitabu, mtihani, akauliza kama mwenye orodha anajua mahali ya 866 inapopatikana.

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi. "Mama, ninayo moja. Nimeiwasha leo kwenye bodi yangu ya majaribio na imewaka. Nitaipakia kwenye basi la Jumatatu. Usinitumie chochote. Nitafurahi kujua kwamba inafanya kazi mahali fulani, maana humu kwenye droo inakaa bure."

Jumanne mzigo ukafika: kikopo cha sabuni, ndani yake sponji nyeusi, na prosesa imechomekwa juu yake, pini zote zimenyooka. Palikuwa na kikaratasi. "Siku nyingine kabla ya kung'oa, iache kompyuta iwake dakika kumi ipate joto, ile dawa italainika. Kisha uzime, uzungushe bati kabla ya kulivuta."

Mama Pacha hakuwa amemweleza popote jinsi ilivyovunjika. Akacheka peke yake, akaona haya peke yake.

Alipobonyeza kitufe, Mhariri alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kiti. Kompyuta ikapiga mlio mmoja mfupi. Kioo kikaandika 866.

"Nimesikia," Mhariri akasema. "Ule mlio naujua."

Baada ya saa moja mashine ilikuwa inanguruma, na ukurasa wa themanini na tano ulikuwa chini ya vidole vya Mhariri. Ulihusu moyo na mishipa ya damu. Aliusoma wote, akaugonga mezani mara mbili kama afanyavyo akiridhika. Kitabu kilikamilika kabla ya mtihani, siku kumi na mbili zikiwa zimesalia.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyesema mgeni lazima aitwe. "Siwezi kumshukuru mtu kama huyu kwa barua tu," alisema, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba.

Mtunza Stoo alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amevaa viatu bapa, mkoba ameukumbatia kifuani. Mama Pacha alimwamkia, wakashikana mikono muda mrefu kuliko kawaida. Walipoketi, Mhariri akamuuliza alianzaje.

"Nilikuwa natunza stoo," akasema. "Tulikuwa tunapokea kompyuta zilizotumika, za kwenda hospitali na mashuleni. Zinakuja bila karatasi hata moja. Mafundi wanakisia, wanaunguza bodi, lawama zinarudi stoo. Nikaona bora niandike. Nikanunua daftari."

"Halafu?"

"Halafu mume wangu akaugua figo. Mara tatu kwa wiki tunakwenda kusafishiwa damu, muda wa saa nne kila safari. Yeye amelala, mimi nimekaa kando yake. Mtu utafanya nini saa nne zote hizo? Nikawa nachukua namba kutoka kwenye daftari, naziandika kwenye simu. Yeye ananisomea, mimi naandika. Alikuwa ananitania, anasema wenzake wanasomewa hadithi, yeye anasomeshwa volti." Akatabasamu. "Hayupo sasa. Mpwa wangu akaniwekea orodha mtandaoni. Nikaona nikiacha kuandika, nitakaa tu naangalia ukuta. Kwa hiyo nikaendelea."

"Watu wanakuandikia?" Mama Pacha akauliza.

"Kwa miaka kumi na moja nimepata barua arobaini. Zote za makosa. Hapa umekosea sifuri, pale umekosea soketi. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewaambia waandike wakiona kosa." Akamgeukia Mama Pacha. "Yako nilipoifungua nilitafuta kosa liko wapi. Nikasoma mpaka mwisho, silioni. Nikadhani barua imekatika."

Kisha Mwalimu Mkuu akamwita msichana mmoja wa darasa la mwisho, ambaye alifika na kitabu cha biolojia amekipakata kwa mikono miwili, maana vitabu vya nukta nundu ni vinene. Akakifungua na kumsomea mgeni aya nzima kwa sauti, vidole vikiteleza bila kusita.

"Mtihani umekwendaje?" Mtunza Stoo akauliza.

"Biolojia niliimaliza mapema, bibi. Fizikia ndiyo ilininyoosha."

Wakacheka. Mgeni akaomba aushike ukurasa. Akapitisha kiganja juu ya nundu, akafumba macho, akakaa hivyo.

Hapo Mhariri akakohoa. "Mama, kuna jambo," akasema. "Nilimwomba Mama Pacha anichapie orodha yako kwa nukta nundu. Nimeisoma yote, siku tatu. Sijawahi kusoma kitu kikavu kama kile, na sijawahi kusoma kitu kilichoandikwa kwa uangalifu kama kile."

"Umesoma yote?"

"Yote. Na safu ya mia mbili na sita, ile ya seva, umeandika volti kumi na saba. Nadhani ulitaka kusema moja nukta saba."

Mtunza Stoo alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka, na haikujulikana tena ni ya kicheko tu au yamechanganyika.

"Hiyo aliisoma mume wangu," akasema alipotulia. "Siku ile alikuwa amechoka. Nakumbuka nilimwambia arudie, akasema ameona sawasawa." Akachukua kalamu kwenye mkoba, akaandika namba ile kiganjani. "Asante, baba. Nitairekebisha nikifika nyumbani. Hapana, ngoja. Nitaiacha kwanza kidogo. Nitairekebisha wiki ijayo."

Mama Pacha alimsindikiza kituoni. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, lakini walipofika akaishia kumshika mkono na kusema asante, asante sana mama, kama mtu asiyejua neno jingine.

"Inatosha," Mtunza Stoo akamwambia. "Mwanangu, kwa kweli inatosha."

Siku hizi kila Ijumaa Mama Pacha hupita kwa muuza mitumba, huazima lile kopo la biskuti, na huandika namba za prosesa ambazo bado hazimo kwenye orodha. Muuzaji naye amezoea, humwekea kiti. Safu ya mia mbili na sita ilirekebishwa baada ya wiki mbili. Kwenye Maneno, mahali palipokuwa patupu, sasa pameandikwa: "Msomaji wangu wa kwanza aliona kumi na saba. Wa pili ameona moja nukta saba. Nawashukuru wote wawili."