Fulana Walipewa

Vumbi la mvule lilikuwa likielea katika mwanga wa karakana ya Saif, uchochoroni Mji wa Kale, rangi yake rangi ya chai. Saif akichonga milango, mkewe Fadhiya akifagia, akifagia na kulalamika, na huku akilipenda vumbi lile. Ndilo lililokuwa riziki yao.

Kisha ikapita tuktuk na kipaza sauti: milima ya Kwale inawaka, vijana jitoleeni! Saif akaitupa patasi, akalikimbilia lori barabarani. Fulana wakapewa, matawi ya kupigia moto wakapewa. Mafunzo hawakupewa.

Mtu wa Mji wa Kale anaujua moto wa nyumba. Nyumba ikishika, watu hupanda dari ya jirani wakaumwagia maji kutoka juu. Ndivyo alivyofanya Saif kule: aliuona moto bondeni, akapanda mlima ili aupige kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba moto wa nyika hupanda mlima mbio kuliko mtu. Nani angemwambia? Wakubwa walikuwa mjini, wakipigwa picha.

Alirudi hai, alhamdulillahi. Alirudi fulana imemyeyukia mgongoni, vidole vimekakamaa, patasi haishikiki. Wakamwita shujaa. Ushujaa gani, Fadhiya hujiuliza kila anapomtilia tonge kinywani, ushujaa gani wa kumtuma mtu motoni na fulana?

Leo kipaza sauti kimerudi. Moto umezuka tena, mashujaa wanatakiwa tena. Saif akainuka, akaiingiza miguu viatuni, akaketi, akanyoosha mguu.

"Fadhiya, nifungie kamba."

Hakufunga. Alijitupia buibui, akatoka, akasimama mbele ya tuktuk, na vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kuizunguka.

"Mwawapeleka wana wa watu. Nani alowafunza?"

"Dada, moto haungoji mafunzo," dereva akamjibu.

"Na tuktuk hii, waiendesha bila kufunzwa?"

Yule bwana akacheka, akapiga honi, akapitia uchochoro mwingine. Vijana wakamfuata, wakicheka nao. Fulana walikuwa wakigaiwa njiani.

Fadhiya akarudi karakanani. Mwanga ulikuwa palepale, umeuangukia mlango uliochongwa nusu. Saif alikuwa ameketi vilevile, mguu mbele, kamba zinaning'inia. Kwa mazoea Fadhiya akauchukua ufagio, akainama.

Hapakuwa na cha kufagia.