Mbavu za Marcella

Krismasi ilifika na Muthamia hakuitaka. Mkewe, Marcella, alikuwa amezikwa Agosti, na sasa jamaa walijaa uani kwake Nkubu wakimhimiza achangamke, kana kwamba huzuni ni mafua ya kupoa kwa chai.

Aliendelea kukatakata mbuzi aliyemchinja asubuhi. Kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, akatenga mbavu za mama wa nyumba kwenye sahani.

Kanana, dada yake, akaichukua. "Hizi ni za nani, kaka? Lete tule. Marcella hana meno tena."

Watu wawili wakacheka.

"Rudisha sahani, Kanana."

"Utaomboleza mpaka lini? Unatuharibia sikukuu!"

"Kwani nani aliwaita? Tokeni kwangu! Wote!"

Wakatoka, wengine na chapati mkononi. Muthamia akakaa na sahani mapajani mpaka mafuta yakaganda, wala hakuonja.

Ukali ule ulimgharimu wageni kumi na wanne, mbuzi mzima aliyekosa walaji, na dada yake wa pekee, ambaye hakukanyaga tena ua ule hadi Pasaka.