Ubao wa Kiti cha Kinyozi

Kinyozi hajinyoi, lakini baba yetu alijua sana kuwanyoa watoto wake. Ukijibu jeuri, ukivunja sahani, adhabu ilikuwa moja: anakupandisha kwenye ule ubao anaoulaza juu ya mikono ya kiti ili watoto wafikie kioo, anakunyoa kipara mbele ya wateja, nao wanacheka. Mimi, mtoto wa kike, nilienda shule na kipara mpaka nikazoea kutembea nikitazama chini. Kaka yangu tangu hapo havui kofia. Hata mkewe humwita Kofia.

Mtaani mzee anasifiwa. Eti alijua kulea! Inaniuma mpaka leo.

Sasa macho yake yamechoka, kinyozi ni Kofia, na mzee anashinda hapo akipiga soga, kiti kikiwa wazi anakikalia. Jumamosi nilimwachia Kofia binti yangu, nikaenda zamu. Niliporudi nilimkuta mtoto juu ya ubao, kitambaa kimembana shingoni, machozi yanamchuruzika, na babu yake ameshika mashine inayonguruma. Kofia alikuwa anafagia, kichwa chini.

Nikachomoa waya ukutani.

"Amenijibu," mzee akasema. "Namfunza adabu."

"Mwombe msamaha, Baba. Mimi sidai. Mwombe huyu."

"Nimwombe mtoto? Kwani nywele si zitaota?" Akawageukia wateja kwenye benchi. "Mnawaona watoto wa siku hizi? Na nimewalea kwa kazi hii hii!"

Mmoja akacheka.

"Basi, dada," Kofia akanong'ona. "Yaliyopita si ndwele."

"Malizia! Tugange yajayo! Yajayo si ndiyo haya, yanalia juu ya ubao wako?"

Kofia akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye kona ya kioo. Sikuwa nimeuona utosi wake tangu utotoni. Akamteremsha mpwa wake, akauchukua ubao, akautupa nje. Akarudi akaitoa mashine mkononi mwa mzee, taratibu, bila kumtazama usoni.

Mzee akapapasa mkono wa kiti.

"Sasa mimi nikae wapi?"

Kofia akamwonyesha benchi.

"Pale, Baba. Pale pale walipokaa waliotucheka."