Kuyumba kwa Mama Mkubwa

Kwa miaka miwili fundi cherehani mmoja alikuwa akipewa sehemu za wapita njia tu katika kikundi cha maigizo cha mtaani. Safari hii alitaka kuigiza mama katika mchezo mpya, na alitaka kwelikweli. Mwalimu wa maigizo hakumung'unya maneno.

"Mdomo wako unaigiza, mwili umelala fofofo. Jumamosi njoo na tabia ya mwili ya mtu unayemjua. Ukishindwa, sehemu nampa mwenzako."

Fundi hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mama mkubwa aliyemlea hakujua kusimama akatulia. Awe kwenye foleni ya benki, awe mbele ya jiko, atayumba tu, kushoto, kulia, magoti yamelegea kidogo. Watoto wa mtaa walimwita Mama Bembea, na fundi, Mungu amsamehe, aliwahi kucheka nao.

Jumamosi akayumba. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akauliza kama mama huyo kabanwa haja, na choo kiko mbali. Fundi kichwa kikamvimba.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Anayumba kwa nini?"

"Kazoea tu, mwalimu."

"Mwili hauzoei kitu bure. Kamuulize. Kesho naamua."

Nyumbani alimkuta mama mkubwa anapiga pasi, na anayumba. Akamuuliza huku akiona haya.

"Kumbe bado nafanya?" Mama mkubwa akacheka. "Si wewe huyo! Uliletwa una miezi minne, tumetoka kumzika mama yako. Ulikuwa unalia, mwanangu, hadi majirani wanagonga ukuta. Nikikubeba mgongoni nikayumba, unalala. Nikisimama tuli, unaamka. Nimepika hivyo, nimefua hivyo, mwaka mzima. Hebu nipe hilo shati."

Fundi akampa shati. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake hakutia chumvi. Alisimama mbele ya wenzake, akalegeza magoti, akayumba polepole huku mkono ukijifanya unapiga pasi. Yule wa utani wa choo akasogea mbele aone vizuri.

"Sasa namwona mama," mwalimu akasema. "Na mgongoni umembeba nani?"

Fundi alitaka kujibu kama mwigizaji, akaacha. Akaendelea kuyumba, asije akamwamsha mtoto.

"Mimi," akasema.