Samadi Chini ya Nyumba

Sargylana alimkuta Bibi Maappa amepiga magoti kwenye theluji, anakandika samadi. Nyumba yake mpya ilisimama juu ya nguzo, na ile nafasi ya chini, iliyoachwa wazi makusudi ili upepo upite, bibi alikuwa ameshaiziba pande tatu. Samadi ya ng'ombe na theluji, tabaka juu ya tabaka, kama alivyokandika mama yake. Kwa baridi ile ya Novemba ilikuwa imeshageuka jiwe.

“Bibi, hili si zizi.”

“Zizi lina joto, mwanangu. Ingia umwone mzee.”

Mzee Bahylai, mumewe, alikuwa amepooza tangu kiangazi. Alikuwa kitandani na kofia yake ya manyoya. “Wiki hii nimevua soksi moja,” alisema. “Ukija Januari utakuta nimevua na ya pili.”

Sargylana alicheka, halafu akajisikia kuchoka zaidi. Yeye ndiye msimamizi wa ujenzi wa kijiji hiki kipya. Alijua kwamba joto likinaswa chini ya nyumba, ardhi ya huku, iliyoganda mwaka mzima, itayeyuka, nguzo zitazama, na nyumba itainama. Alijua pia kwa nini sakafu haikaliki kwa baridi. Pamba ya kuzuia baridi ililetwa nusu ya unene uliochorwa kwenye ramani, na alipolalamika aliambiwa ashukuru kwamba imefika.

Akampigia injinia wa wilaya, akamweleza habari ya samadi.

“Vunja, piga picha, nitumie,” injinia alisema. “Ikiinama nani atajibu?”

“Na sakafu?”

“Sakafu imepita ukaguzi. Dada, usinitafutie balaa saa ya chai.”

“Kuna mgonjwa humu, bosi. Hawezi hata kugeuka.”

“Basi mfunikeni.” Akakata simu.

Sargylana alichukua mtaimbo. Alipiga mpaka viganja vikamwuma ndani ya glavu. Bibi Maappa hakumzuia.

“Pale kwenye kona piga kwa nguvu,” alimwambia. “Ndipo nilipoweka nyingi.”

Sargylana alitamani atukanwe. Upepo ulipoanza kupita chini, akapiga picha, akaituma.

Alasiri farasi wa jirani alipita, Maappa akimwongoza, akiburuta ubao wa mizigo unaoteleza juu ya theluji. Juu yake alilala Mzee Bahylai, amefunikwa makoti, na miguuni pake limefungwa jiko la bati. Walikuwa wanarudi nyumba ya zamani, ukingoni mwa mto, mahali ambapo kijiji kizima kiliondolewa kwa sababu maji yanaumega ukingo kila kiangazi.

“Bibi, kule kutaanguka.”

“Kutaanguka kiangazi,” Maappa alijibu bila kusimama. “Sisi tunaganda leo.”

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa injinia: Safi sana. Nyumba iko wima, kama ilivyochorwa.

Sargylana aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akakimbia kuushika ubao kwa nyuma. Mteremko wa mtoni ulikuwa na barafu, na mzee hakuweza kujishikilia.